Sherehe ya Kumuaga Kocha Raimo

Kandara, Jeddah
Ijumaa, baada ya chakula

Kwa dada yangu mpendwa Selipher,

Salamu nyingi, na uzipokee ukiwa umekaa kwa sababu barua ni ndefu. Natumaini inakukuta mzima, goti la kushoto likiwa limepunguza siasa zake, na shemeji Samuel akiwa bado anaamka kukamua ng'ombe bila kusukumwa. Watoto nawaombea afya, na alama za kutosha kuwanyamazisha majirani. Mimi huku sijambo. Joto la Jeddah liko palepale ulipolisikia mwaka jana, ila mchana kutwa nashinda kwenye barafu, kwa hiyo nina mafua ya kizungu na jasho la kiarabu katika mwili mmoja. Mengine ni neema tupu.

Utashangaa kuona karatasi siku hizi za simu. Nimemkabidhi Peris wa kwa Mwalimu, anayekuja likizo, kwa sababu nikikutumia kwa simu najua habari itafika kwenye grupu la akina mama wa kanisa kabla hujamaliza kuisoma wewe mwenyewe. Sikulaumu. Kidole chako kina huruma, kinapenda kugawa. Lakini haya si ya grupu.

Najua umeiona ile video. Uliniandikia maneno matatu tu, "Nahashon, aibu gani?", halafu ukanyamaza wiki nzima, na kwa ninavyokujua wewe, wiki ya kimya ni hotuba. Nakuelewa. Wewe ni mwenyekiti wa kamati ya kuaga wachungaji, na hakuna mchungaji aliyehamishwa kutoka hapo kwetu bila kupita mikononi mwako, akaondoka amevishwa leso, amekabidhiwa jogoo, na ameshiba. Sasa ndugu yako wa tumbo moja anaonekana Arabuni akimuaga Mzungu ambaye haendi popote, na nchi nzima inacheka. Ni kama mtoto wa fundi cherehani kuonekana sokoni na suruali iliyopasuka. Basi ngoja nikueleze ilivyokuwa, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza turekebishe jambo moja. Uliwaambia watu kwamba mimi ni msaidizi wa kocha, nami sikukukosoa, maana sifa haiozi. Ukweli ni kwamba kazi yangu ni kufungua mlango. Mchezo wetu ni hoki ya barafuni: wanaume sita kila upande, viatu vyenye visu chini, wanakimbiza kisahani cheusi kwa magongo na kugongana kama mafahali walioachiwa sebuleni. Kwa kasi ile hakuna anayemaliza dakika kabla ya kuchoka, kwa hiyo hubadilishana huku mchezo ukiendelea, huyu anaingia benchini na yule anatoka. Benchi lina uzio, na uzio una kamlango. Anayerudi amechoka akikakuta kamefungwa, meno yanabaki pale. Kakiwa wazi wakati mtu anasukumwa, mbavu zinabaki pale. Mimi nasimama hapo nikifungua na kufunga. Baada ya mechi nafua jezi na kunoa visu vya viatu. Kuhusu mchezo wenyewe nisikudanganye: mwaka wa kwanza sikuelewa kitu, na hata leo kuna sheria ya mistari ya buluu ambayo naishangilia tu nikiona wenzangu wameshangilia.

Lakini mlango una faida yake, kwamba kocha husimama nyuma ya kisogo changu. Nimewasikia wote.

Timu yetu inaitwa Nawaris, yaani shakwe, wale ndege weupe wa pwani wanaoiba samaki. Mwenye timu ni Bosi Mishari, mtu wa Riyadh, bado kijana, mwenye moyo mzuri na subira ya mtoto aliyesimama kando ya tawa la chapati. Kocha wa kwanza niliyemkuta alikuwa Mkanada. Alipiga kelele mpaka akapotewa na sauti, na sauti ilipokwisha tukagundua hakuwa na kitu kingine. Wa pili, Mcheki, alikuwa mtu wa kuchora. Alichora mishale kwenye kibao hadi wachezaji wakawa wanaingia uwanjani wakiwa na kizunguzungu. Wa tatu alikuwa Mrusi. Hakupiga kelele wala kuchora, alitazama mbali tu, nasi tukadhani ni hekima. Kumbe alikuwa anatafuta kazi kwingine.

Kila kocha, dada, huja na watu wake, kama mchungaji anavyokuja na mwimbaji wake wa kinanda. Mcheki alikuja na mpwa wake wa kufungua mlango. Mimi nikapelekwa kulinda maegesho ya magari, jua la saa saba likinitazama bila kupepesa, hadi siku mpwa alipojibana vidole na kukumbukwa kwamba kuna Mkenya mmoja nje. Kwa hiyo usidhani kuangushwa kwa makocha ni mambo ya Wazungu. Kocha akianguka, huwa ananiangukia mimi.

Na namna ya kuwaangusha ni ya kipekee. Bosi Mishari hajawahi kumfukuza mtu uso kwa uso. Ni mpole, macho ya mtu yanamchoma. Mkanada alipata habari kwa simu akiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Mcheki alifika asubuhi akakuta kadi yake haifungui geti. Mrusi alijua kwamba ameachishwa alipomkuta mtu mwingine ameketi kwenye kiti chake, anarekebisha urefu wake.

Huyo aliyekuwa akirekebisha kiti ndiye Kocha Raimo.

Raimo ni Mfini. Sijui kama umewahi kuwasikia Wafini. Kwao neno ni kama ng'ombe, halitolewi zizini mpaka kuwe na harusi. Wiki ya kwanza alisema "asubuhi njema" mara moja, Jumapili, na tukakaa nayo hadi Alhamisi. Jambo lake la kwanza lilikuwa kuwaacha wale nyota wa kununuliwa waende zao. Badala yao akachukua vijana Wasaudi waliojifunza kuteleza kwenye barafu za maduka makubwa, wengine wao bado wakikumbatia uzio kama mkwe mpya anavyokumbatia mlango wa jikoni. Bosi Mishari akamuuliza ni lini tutashinda. Raimo akafikiri, akajibu: mwaka wa tatu. Waandishi wakamuuliza, mwaka wa tatu. Mimi nikamuuliza kama tuagize jezi mpya, akaniambia mwaka wa tatu.

Tukaanza kufungwa. Tulifungwa tisa kwa moja, na lile moja walijifunga wenyewe. Tukafungwa nane, tukafungwa saba. Watu wakaacha kuja, wakabaki wazazi na wale wanaofuata kiyoyozi. Lakini mlangoni nikaanza kuona kitu. Si mbinu, hizo sizijui. Niliona jinsi wanavyorudi. Zamani mchezaji akikosea alirudi akitafuta wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu zaidi ni mimi. Sasa kijana anarudi amekosea, Raimo anamwekea mkono begani, anamwambia neno moja tu, "tena," na kijana anakunywa maji, anashusha pumzi, anangoja zamu yake. Nikaona mabega yakinyooka. Tukaanza kufungwa nne, halafu tatu. Dada, kuna kufungwa na kuna kufungwa. Sisi tulikuwa tunafungwa kwa maendeleo.

Ndipo tukaenda Riyadh.

Timu ya kule imenunua kila kitu kinachouzwa chenye viatu vya barafu. Bosi Mishari alikuwa nyumbani kwao, akawaleta wajomba na marafiki, safu nzima ya kanzu nyeupe zilizopigwa pasi. Tukafungwa sita kwa bila. Mjomba mmoja akauliza kwa sauti kama vijana wetu walitumwa kucheza au kupiga deki. Wote wakacheka, na Bosi Mishari akacheka nao. Dominic, dereva wake, kijana wa Kitale ambaye Bosi hamwachi hata akija Jeddah, huniambia kila siku kwamba Bosi akikasirika hakuna neno, lakini akicheka na wajomba, fungasha.

Na kweli. Dereva ni kama kile kioo cha ndani ya gari, huona ya nyuma bila kugeuka. Siku hiyo Dominic akamsikia Bosi akisema kwenye simu kwamba halas, yaani basi, Mfini amekwisha, kuna Mswisi anakuja mwisho wa mwezi. Tuliporudi Jeddah habari ilikuwa imetutangulia. Wakenya wote wanaohusika na barafu ile, kuanzia wanaofagia hadi wanaoleta watoto wa madam kwenye masomo, walishajua: kocha amefukuzwa, ameshaambiwa, anaondoka.

Hapo akaingia Roselyne. Sijui kama unamkumbuka mama yake, yule mrefu wa Mbale aliyekuwa akiuza sare za shule. Roselyne anafanya kazi ya ndani Al-Nuzha, na kila Ijumaa huwaleta watoto wa madam wake kuteleza. Yule mdogo alikuwa akiogopa barafu hadi anatapika. Raimo, kocha mzima wa timu, alimshika mkono akamtembeza ukingoni Ijumaa baada ya Ijumaa, bila kusema kitu, mpaka siku moja mtoto mwenyewe akamwachia mkono. Roselyne hajasahau. Akasema makocha wengine waliondoka kama wezi na sisi tukanyamaza, huyu hapana. Huyu ataagwa kama mtu mwenye kwao. Nikamwambia kwamba nina dada ambaye ndiye kitabu chote cha mambo hayo. Yote tuliyofanya tuliyafanya kwa utaratibu wako, kwa hiyo ukicheka, jicheke.

Uwanja una chumba cha watoto kusherehekea siku zao za kuzaliwa, ukuta mzima pengwini wamechorwa wakicheka. Ndicho tulichopewa, alasiri ya Ijumaa. Madam wa Roselyne, mama mwema, alituma masufuria mawili ya wali wa kabsa. Sisi tukapika chapati na kachumbari. Roselyne akaoka keki kubwa, juu akaandika kwa sukari ya buluu, "Safari Njema Kocha Raimo." Leso tukaipata. Jogoo nilimtafuta mimi mwenyewe kule wanakouza ndege, na aliingizwa amebanwa ndani ya mfuko wa magongo, amekasirika kama mjumbe aliyenyimwa posho. Wachezaji wakaja wote, na wale vijana Wasaudi wakaja na baba zao. Mgeni wa heshima, kama inavyotakiwa, ni yule mwenye mamlaka ya kuhamisha. Dominic akampelekea Bosi Mishari ujumbe kwamba wafanyakazi wanataka kumlisha. Bosi alifurahi hadi akaleta tende. Inaonekana katika miaka yote hiyo hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwalika kula.

Raimo aliambiwa tu kwamba kuna chakula. Akaja na koti la mazoezi.

Roselyne akashika kipaza sauti. Ungekuwapo, dada, ungepiga kigelegele. Aliwaomba watu makofi ya kilo, na Walatvia na Wacheki wachache waliobaki timuni, pamoja na baba za vijana wetu, wote wakafundishwa kupiga moja, mbili, halafu la mwisho la kumrushia mgeni. Akina dada wakaingia kwa mstari wakicheza, wakamzungushia Raimo leso mabegani, wakamkabidhi jogoo mikononi. Yeye akamshika vizuri tu, chini ya kwapa, kama mtu aliyezaliwa Vihiga. Wote wawili wakatulia wakitazama mbele kwa uso mmoja.

Kisha akasimama baba wa mlinda lango wetu, Nawaf. Ni mzee wa Ruwais, wanamwita Abu Nawaf, mfupi, wa maneno machache. Nawaf akawa anamtafsiria. Alisema hana ushindi wa kushukuru, maana hajauona. Alisema chini ya makocha wengine mwanawe akifungwa alikuwa anarudi nyumbani na kujifungia chumbani, chakula kinalala mezani. Sasa anafungwa, anarudi, anakula, anamwelezea mama yake kila bao lilivyopita, halafu asubuhi anaamka kabla ya adhana kwenda mazoezini. Akasema hajui hoki, lakini anajua mtu anayejengwa. Akakaa. Nilimtazama Bosi Mishari. Alikuwa ameacha kula.

Ikabaki neno la mwisho la Roselyne. Akamshukuru kocha kwa yote, akamwombea huko aendako apokewe vizuri kama alivyotupokea, akaifunua keki. Raimo akaitazama kwa muda, jogoo naye akaitazama. Akauliza maandishi yanasema nini. Roselyne, bado anatabasamu, akamweleza kwamba ni kumtakia safari njema. Raimo akauliza, kwa upole kabisa, safari gani.

Hapo ndipo video inapoanzia. Unaiona sura ya Roselyne, unamsikia mtu nyuma akisema "uwii," na unaniona mimi pembeni nimeshika kisu cha keki kama shahidi wa kesi. Kisichoonekana ni kilichofuata, kwa sababu aliyekuwa akirekodi aliishusha simu kwa woga. Chumba kizima kiligeuka, kikamtazama Bosi Mishari. Wachezaji, baba zao, madereva, pengwini wote. Bosi naye akamgeukia Dominic. Dominic akaitazama chapati yake, akasema yeye ni dereva tu, anachosikia garini ni yule mama wa ramani anayesema pinda kulia.

Bosi Mishari akasimama. Alikuwa mwekundu masikioni. Akasema kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kwamba hajui nani amesema kocha anaondoka. Akasema huyu mtu alimwahidi mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu haujafika, sasa ataendaje kabla hajatimiza ahadi? Kwao mgeni haondoki katikati ya mlo. Kocha atakaa. Roselyne, mtoto wa watu, machozi yanamtoka na bado anakumbuka kazi yake, akamwomba mgeni wa heshima arudie kwa sauti ili walio nyuma wasikie. Akarudia. Makofi ya kilo yalipigwa hadi jogoo akatoroka. Raimo alinifuata baadaye akauliza kitu kimoja tu, jogoo anakula nini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na watu wote wanaihesabu kama kosa la Wakenya: dereva alisikia vibaya, washamba wakaoka keki. Dominic anataniwa kila anaposimama kuweka mafuta. Roselyne anaitwa Mama Safari Njema hadi Riyadh, na anavumilia, ila anasema akimjua aliyeeneza kwamba kocha ameshaambiwa, atamuaga yeye, na hatampa keki.

Sasa, dada, sogea karibu, na karatasi hii usiiache mezani.

Dominic hakusikia vibaya. Mfini alikuwa amekwisha kweli, na Mswisi alikuwa anakuja kweli. Dominic aliniambia mimi peke yangu, tukiwa tunapakia mifuko kule Riyadh, na aliniambia mambo hayo mawili tu. Hilo la tatu, kwamba ameshaambiwa, nililitia mimi, kama mtu anavyotia chumvi, na nikawatumia wafagiaji kwa simu kabla hatujarudi, nikijua lisingelala njaa na lingemfikia Roselyne. Nilijua Raimo hajui. Nilijua Bosi Mishari angengoja mwisho wa mwezi amtumie ujumbe akiwa mbali. Na nilijua kwamba nikimwonya Raimo mwenyewe, asingeomba wala kubishana. Angesema "sawa" na kufungasha, maana begi lake dogo huwa limesimama nyuma ya mlango wa ofisi tangu siku aliyofika.

Nikawaza juu yako na askofu. Kila unapoandaa kuaga, humweka askofu mbele kabisa, karibu na anayehamishwa, apate kusikia wajane wakishukuru. Niliwahi kukuuliza kwa nini, ukaniambia kuhamisha mtu kwa karatasi ni rahisi, lakini ajaribu kumhamisha akiwa amevaa leso. Basi mimi nikafanya tofauti moja tu: nikamuaga kabla. Jogoo yule hakuwa mapambo. Sijamwona bado binadamu anayeweza kumfukuza kazi mtu aliyeshika jogoo hai.

Usidhani nilifanya kwa huruma peke yake. Nayakumbuka maegesho na lile jua. Lakini lau ingekuwa jua tu, ningenunua kofia. Nilikuwa nimeona mabega yale yakinyooka, na nikaona mtu mmoja anataka kuyabomoa kwa sababu mjomba wake alicheka. Roho ilikataa.

Kuna sehemu ya mwisho, na hii hata Dominic haijui. Siku ya pili baada ya sherehe, uwanja ukiwa mtupu, Bosi Mishari alikuja peke yake hadi benchini, akasimama upande wa pili wa kamlango kangu. Nikamfungulia. Hakuingia. Akasema amemkamua Dominic garini kutoka baharini hadi ofisini, na sasa anajua maneno ya Dominic yaliishia wapi na ya nani yalianzia wapi. Nikaiona ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ikiruka kama shakwe. Sikukana, kwa sababu macho yalikuwa palepale na mimi pia yananichoma. Nikamwambia ndiyo, bosi, ni mimi.

Akacheka kidogo, na si kile kicheko cha wajomba. Alisema wanasheria wake wote hawajawahi kumfunga kwa mkataba kama alivyofungwa kwa sahani ya wali. Akasema yeye anaogopa uso wa mtu, anajijua, nami nikautumia woga wake kama kamba. Basi na yeye atanifunga kwa kamba hiyohiyo. Neno lake mbele ya baba za watu halirudi: Raimo ana mwaka wake wa tatu. Lakini mwaka huo timu isipofika nusu fainali, mtu wa kumwambia Raimo hatakuwa simu wala kadi ya geti. Nitakuwa mimi. Nitasimama mbele yake, nimtazame machoni, nimwambie kwamba amekwisha, kisha niende nikachukue begi langu, kwa sababu tutapanda ndege pamoja. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema tamam, bosi. Tukapeana mikono juu ya kamlango, na akanisisitizia nisimwambie kocha.

Kwa hiyo hivyo ndivyo nilivyo, dada. Nimeweka kazi yangu mikononi mwa vijana ambao mwaka jana walikuwa wanakumbatia uzio. Ungeniuliza kama najuta, ningekujibu kwa lile neno la Raimo, "tena," ila sitaki ukasirike. Jumanne timu ile ya Riyadh ilikuja hapa Jeddah, na wajomba wakaja nayo. Tulifungwa tatu kwa mbili. La tatu liliingia mwishoni kabisa, na Nawaf aliligusa kwa kidole cha glavu. Alirudi benchini, nikamfungulia, akanipita akiwa tayari anajiambia mwenyewe lile neno la kocha. Niliinua macho nikamtazama Bosi Mishari kule juu. Mjomba alikuwa anamwambia kitu sikioni. Bosi hakucheka. Alikuwa amesimama, anapiga makofi, moja, mbili, na la mwisho akalirusha uwanjani. Usiku ule nililala kama mtu aliyeshinda.

Roselyne nitamwambia mwenyewe Ijumaa ijayo, kabla hajaambiwa na mwingine. Najua nitapigwa mwiko, na nitastahili.

Nisalimie shemeji Samuel, na mama mkwe wako kama bado ananiulizia mke. Wasalimie watoto, na Zablon mwambie viatu vya mpira atavipata kwa Peris, havina visu. Wasalimie wanakamati wote, na wakikuuliza juu ya ile video, waambie tu Wakenya wa Jeddah walifuata utaratibu.

Na mkituombea, msituombee ushindi. Bado ni mapema, na tukishinda sasa watanunua nyota tena. Tuombeeni muda. Hayo mengine tutayafanya wenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Nahashon, wa mlangoni